Sura ya 6: Lenzi Pana kwa Nchi Pana?

Wanaoanza kupiga picha kwa kamera kubwa za filamu huuliza karibu kwa maneno yaleyale: lenzi yangu ya kwanza ya pembe pana iwe ya milimita ngapi? Kwa mtu wa Dodoma, swali hilo huja na jibu lake tayari. Nchi ni tambarare, upeo wa macho uko mbali, anga linachukua nafasi kubwa kuliko ardhi. Basi lenzi nayo iwe pana kadiri mfuko utakavyoruhusu. Sura hii inabisha jibu hilo. Lenzi pana hununuliwa kwa sababu ya ukuta, mteremko au jabali lililo nyuma yako, likakuzuia kurudi nyuma. Nchi iliyo wazi mbele yako, hata iwe pana namna gani, haikudai lenzi ya namna hiyo. Ukikubali hoja hii, swali la milimita linapata jibu la hesabu, na sehemu ya hesabu hiyo inahusu namba ambayo haijaandikwa kwenye lenzi kabisa.

Kamera yenyewe, na namba inayosomeka

Kamera inayozungumzwa hapa ni ile inayotumia filamu ya kipande kimoja kimoja badala ya mkanda, kwa kawaida kipande cha inchi 4 kwa 5. Kipande hupakiwa gizani ndani ya kisanduku chembamba kiitwacho holda. Mbele ya kamera kuna ubao unaoshika lenzi. Nyuma kuna kioo chenye ukungu ambapo taswira huonekana kichwa chini, miguu juu. Katikati ni mvukuto wa ngozi au kitambaa unaozuia mwanga na kuziacha mbele na nyuma zisogee kila moja kivyake. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi, hutazama kioo, husogeza lenzi mpaka taswira iwe kali (huko ndiko kuweka fokasi), kisha hufunga lenzi na kuchomeka holda. Ni kazi ya polepole. Faida yake, mbali na ukubwa wa filamu, ni kwamba ubao wa lenzi unaweza kuinuliwa, kushushwa au kuinamishwa huku filamu ikibaki palepale ilipo.

Milimita zilizoandikwa kwenye lenzi ni urefu wa fokasi, yaani, kwa kadirio linalotosha hapa, umbali kati ya lenzi na filamu pale kitu kilicho mbali sana kinapoonekana wazi. Urefu ukipungua, lenzi inaona eneo pana zaidi. Ila upana huo hutegemea ukubwa wa filamu pia. Kipande cha inchi 4 kwa 5, ukitoa kingo zinazoshikwa na holda, hubakiza eneo la picha la takriban milimita 95 kwa 120, na kutoka kona hadi kona ni milimita 153 hivi. Kwa hiyo lenzi ya milimita 150 ndiyo ya kawaida kwa kamera hii, jinsi milimita 50 ilivyo ya kawaida kwa kamera ndogo ya filamu ya mkanda. Milimita 90, ambayo mtu wa kamera ndogo angeidhani ya kupigia picha za sura, hapa ni pana: inalingana na 25 au 27 za kamera ndogo. Milimita 75 inakaribia 22, na 65 inakaribia 19. Milimita 135 iko katikati, pana kidogo tu, na wengi huidharau bila sababu.

Tambarare inavyomeza kilima

Tuanze na mandhari, kwa kuwa ndiko hoja ya upinzani iliko na nguvu. Uwanda wa kati, wenye mwinuko wa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari hapa Dodoma, una sura inayojirudia: ardhi ya kahawia au nyekundu, miiba, mibuyu iliyotawanyika, na vilima vya mawe ya matale vinavyochomoza ghafla. Macho hukimbilia vilima hivyo kwa sababu ndivyo pekee vilivyosimama. Ubongo nao huvikuza. Mtazamaji huapa kwamba kilima kinajaza upeo wote. Filamu haina ubongo. Chukua kilima chenye kimo cha mita 60 kutoka usawa wa tambarare, nawe umesimama kilomita 2 kutoka hapo. Ukubwa wake kwenye filamu hupatikana kwa kuzidisha urefu wa fokasi kwa kimo, kisha kugawanya kwa umbali. Kwa lenzi ya milimita 90, kilima hicho kitakuwa na kimo cha milimita 2.7 kwenye filamu yenye kimo cha milimita 95. Ni punje ya uwele. Kwa milimita 150 kitakuwa 4.5, na kwa milimita 300 kitafika 9. Sehemu nyingine yote ya picha itakuwa anga na mchanga.

Hali ni hiyohiyo ukisimama Kilimatinde, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ukatazama mashariki kuelekea Bahi. Mandhari ile ni pana kweli, lakini vyote vilivyomo viko mbali, na kitu kilicho mbali hakihitaji kupunguzwa zaidi. Hapo lenzi ya 210, hata 300, huonyesha tabaka za ardhi zikifuatana mpaka ukungu wa vumbi, jambo ambalo 75 hulifuta. Na kama lazima uonyeshe upana wote, ukubwa wa filamu unakuruhusu kukata picha juu na chini ukabaki na ukanda mrefu wenye maelezo ya kutosha. Bila kizuizi nyuma yako una uhuru mmoja mkubwa: kutembea. Lenzi ya kawaida na miguu miwili hufanya kazi nyingi ambazo watu huzinunulia lenzi pana.

Mpinzani atajibu kwamba lenzi pana haikusudiwi kwa kilima bali kwa kilicho karibu: mistari ya mizabibu ya Hombolo au Makutupora inayoanzia miguuni pa kamera na kwenda kupotea mbali, au magome ya mbuyu yanayojaza nusu ya picha. Jibu hilo ni zuri, na ni kweli. Kamera kubwa hata ina njia yake ya kulitimiza: ukiinamisha lenzi mbele kidogo, ukali wa fokasi hulala juu ya ardhi badala ya kusimama wima, kwa hiyo jani lililo mbele yako na mlima ulio mbali huwa makali kwa pamoja. Kwa lenzi ya 90 iliyo mita 1.5 juu ya ardhi, nyuzi 3 na nusu hivi zinatosha. Ndogo kiasi kwamba wageni huinamisha kupita kiasi na kuharibu picha. Ila angalia tulichokubaliana hapo. Tumekubali kwamba picha hiyo ni ya mzabibu, na mlima ni msindikizaji. Anayejua hivyo kabla ya kusimamisha tripodi atafaidi lenzi pana. Anayeichukua kwa kuwa "nchi ni kubwa" atarudi na picha za mchanga.

Kondoa, mahali ambapo huwezi kurudi nyuma

Sasa twende kaskazini kwa barabara ya Babati, kupita mji wa Kondoa hadi Kolo. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, imetawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300 kwenye miteremko inayopakana na Bonde la Ufa. Maeneo ya michoro watu huyaita mapango. Mengi si mapango yenye kina. Ni majabali makubwa yaliyoinamia mbele na kuacha kivuli chini yake, na michoro iko kwenye ukuta wa kivuli hicho: twiga, tembo, pofu, watu wembamba waliorefushwa wenye vichwa vikubwa, wengi kwa rangi nyekundu, na juu yao hapa na pale michoro minene myeupe ya nyakati za baadaye.

Mary Leakey na mumewe Louis walifanya kazi kubwa ya kunakili michoro hii mwaka 1951, naye Mary akaichapisha katika kitabu mwaka 1983. Njia yake kuu ilikuwa kuifuatisha michoro kwenye karatasi angavu, kisha kuichora upya kwa rangi. Njia hiyo ina sifa moja ambayo lenzi haina: nakala hulingana na mwamba kipimo kwa kipimo. Lakini inadai mkono ugusane na ukuta, na leo hakuna mtunzaji makini atakayeiruhusu kwa mgeni. Picha imebaki kuwa njia ya heshima zaidi, na filamu kubwa, kwa wingi wa maelezo inayobeba, inafaa kazi hiyo kuliko inavyofaa kazi nyingine nyingi.

Tatizo ni nafasi. Sakafu ya kivuli mara nyingi ni nyembamba. Baada yake ni mteremko wenye mawe na vichaka. Ukirudi nyuma unashuka, na ukishuka unautazama ukuta kutoka chini, huku ukingo wa jabali ukianza kuuziba. Mahali pazuri pa kusimama panaweza kuwa mita 3 tu kutoka kwenye mchoro. Hapo ndipo milimita zinapopata maana. Upana wa ukuta utakaoingia kwenye picha ni umbali wako ukizidishwa kwa 120, upana wa filamu, kisha ukagawanywa kwa urefu wa fokasi. Kutoka mita 3, picha ikiwa imelala, unapata takriban:

- milimita 150: mita 2.4
- milimita 135: mita 2.7
- milimita 90: mita 4
- milimita 75: mita 4.8
- milimita 65: mita 5.5

Kati ya 150 na 90 umeongeza zaidi ya mita nzima na nusu ya ukuta. Kati ya 90 na 75 umeongeza sentimita 80. Orodha hii peke yake ingemshawishi mtu kukimbilia 65. Ngoja kwanza tuone gharama.

Gharama ya kwanza ni kuvutwa kwa vitu pembeni. Ukuta ulionyooka kabisa, ukipigwa filamu ikiwa sambamba nao, hutoka na vipimo sahihi hata kwa lenzi pana mno; hili watu wengi hawaliamini, lakini ndivyo jiometri inavyotaka. Kinachovutwa ni kitu chenye umbo la mviringo au kinachotokeza: kichwa cha mtu, jiwe, uvimbe wa mwamba. Kwenye ukingo wa kulia au kushoto wa picha, lenzi ya 90 hukivuta kitu hicho kwa takriban asilimia 20. Ya 65 kwa asilimia 36. Na miamba ya Kondoa haikupigwa pima maji. Ina matuta na mabonde, na mchoraji wa kale alichora juu yake bila kuyasawazisha. Watu wale tayari wamerefushwa kwa makusudi. Mpiga picha hana haki ya kuwaongezea unene au urefu wake mwenyewe.

Kwa ufupi hadi hapa. Pima kwanza umbali unaoweza kusimama. Ukiwa na nafasi ya kurudi nyuma, lenzi ya kawaida au ndefu zaidi itakutumikia vizuri kwenye tambarare. Ukiwa huna, chukua lenzi ndefu kuliko zote zinazoweza kuuingiza ukuta wako kwenye picha, kwa sababu kila milimita unayopunguza chini ya hapo unailipia pembeni.

Namba isiyoandikwa: duara la taswira

Lenzi haitoi taswira ya pembe nne. Hutoa duara la mwanga, na filamu hukata kipande chake ndani ya duara hilo. Upana wa duara ndani yake ambamo taswira ni kali ya kutosha huitwa duara la taswira. Kwa kamera ndogo hakuna anayelijali, kwa sababu lenzi na filamu vimefungwa pamoja. Kwa kamera kubwa ndilo linaloamua kama kile kipaji chake cha kuinua lenzi kitakuwepo au la. Filamu yetu inahitaji duara la milimita 153 ili zile kona nne zisiwe nyeusi. Chochote cha ziada ni nafasi ya kusogea.

Linganisha lenzi mbili za Schneider zenye milimita 90 zilezile. Ya kwanza ni Angulon f/6.8, ndogo, nyepesi, rahisi kupatikana. Duara lake ni milimita 154. Ya pili ni Super-Angulon f/8, yenye duara la milimita 216. Kwa picha iliyolala, ya kwanza inakuruhusu kuinua lenzi milimita 1 hivi. Ya pili inakuruhusu milimita 42. Rudi sasa Kolo, mita 3 kutoka ukutani, mchoro ukiwa juu ya kichwa chako karibu na dari la jabali. Ukielekeza kamera juu, filamu haiko sambamba tena na ukuta, na michoro ya juu itakuwa midogo kuliko ya chini, kumbukumbu imeharibika. Ukiiacha kamera wima na kuinua lenzi, kila milimita 1 ya kuinua hukupandisha sentimita 3 na ushei ukutani. Milimita 42 ni mita 1.4. Milimita 1 ni upana wa vidole viwili. Lenzi mbili zenye namba moja usoni, na moja haiwezi kufanya kazi iliyokupeleka pale.

Hesabu hiyohiyo hufanya kazi jijini. Mnara wa Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010, utasimama wima kwenye picha ikiwa duara linakuruhusu kuinua lenzi. La sivyo utaegemea nyuma kama unavyoegemea kwenye picha za simu. Nikkor-SW 90 f/8, yenye duara la 235, huruhusu milimita 53 za kuinua. Lenzi za 75 zilizo nzuri zina duara la karibu 200, na hubakiza milimita 31. Za 65 zina 170 hivi, na hubakiza 12 au 13 tu. Hii ndiyo gharama ya pili ya kukimbilia upana: kadiri lenzi inavyokuwa fupi, ndivyo kamera yako kubwa inavyogeuka kuwa kamera ya kawaida yenye filamu ya bei ghali. Juu ya hayo, lenzi ya 65 hukaa karibu sana na filamu, mvukuto wa kawaida hujikunja ukakakamaa usikubali kusogezwa, na kamera nyingi za mbao za kukunjwa huonyesha ubao wao wa chini ndani ya picha iliyosimama. Utahitaji mvukuto mwingine laini, na ubao wa lenzi uliozama ndani. Orodha ya manunuzi inarefuka.

Kona zenye giza

Mwanga unaofika pembeni mwa filamu husafiri mbali zaidi na hutua kwa mshazari, kwa hiyo hupungua. Wapiga picha hupima upungufu kwa stopu. Stopu moja ni mwanga kupungua kwa nusu. Kwa lenzi ya 90 ya kisasa, kona hupoteza kati ya stopu 1 na moja na nusu ukilinganisha na katikati. Kwa 65 upotevu unaweza kufika stopu 2. Tatizo ni la zamani. Goerz wa Ujerumani walipotoa lenzi ya Hypergon mwaka 1900, yenye pembe ya zaidi ya nyuzi 130, waliiwekea mbele kinyota kidogo cha chuma kilichozungushwa kwa upepo wa mpira wa kuminya, ili kizuie mwanga wa katikati wakati kona zinapata zaidi. Picha zilichukuliwa kwa mtindo huo, feni ikizunguka mbele ya lenzi, na kwa kweli ilifanya kazi. Leo kazi hiyo hufanywa na filta iliyotiwa giza katikati, na bei yake inaweza kukaribia ya lenzi yenyewe.

Je, unaihitaji? Kwa filamu ya rangi ya slaidi, yenye uvumilivu mdogo, na lenzi ya 75 au fupi zaidi, ndiyo. Kwa negativu nyeusi na nyeupe na lenzi ya 90, mara nyingi hapana. Kona hurekebishwa wakati wa kuchapa. Lakini pana mtego mmoja ambao vitabu huusahau. Ukiinua lenzi, filamu husogea kwenye ukingo wa duara, na kona za juu huwa mbali zaidi na katikati. Ukitumia zile milimita 42 zote, kona hizo hupoteza takriban stopu 2. Na katika kivuli cha jabali, juu ndiko kwenye giza tayari, maana mwanga mwingi huingia ukiruka kutoka ardhini mbele ya jabali. Giza mbili hukutana mahali pamoja. Pima mwanga kwa sehemu ya juu ya mchoro, halafu ongeza.

f/8 au f/5.6?

Namba ya f huonyesha tundu la lenzi linavyoweza kufunguka. Namba ndogo ni tundu kubwa. Lenzi za 90 huja katika makundi mawili: za f/8 au f/6.8, na za f/5.6 au f/4.5. Picha yenyewe hupigwa kwenye f/22 karibu kila mara, kwa hiyo tundu kubwa halikusaidii kupiga, hukusaidia kuona. Chini ya jabali, kioo chenye ukungu kwenye f/8 ni hafifu, na kona zake hazionekani. Wanaotetea lenzi nzito wana haki hapo.

Hata hivyo nachagua f/8, na sababu ni za mahali. Nikkor ya f/8 ina uzito wa gramu 360, ya f/4.5 ina gramu 600. Za f/8 nyingi hupokea filta za milimita 67, nyingine zinahitaji 82, na filta si anasa Kondoa: filta ya kijani hufanya nyekundu ya michoro iwe nyeusi zaidi kwenye filamu nyeusi na nyeupe, wakati filta nyekundu, ambayo wengi huipenda kwa ajili ya mawingu, huifuta kabisa. Giza la kioo lina dawa rahisi. Mwenzako asimame kando ya mchoro na tochi ndogo, bila kugusa mwamba, nawe uweke fokasi kwenye taa yake. Kamwe usimwagie mchoro maji ili rangi ing'ae, hata ukiambiwa ndivyo ilivyofanyika zamani. Na baadhi ya mapango bado yana heshima ya ibada kwa wenyeji, kwa hiyo ruhusa huombwa kabla ya tripodi kufunguliwa.

Pingamizi mbili za mwisho

Wa kwanza husema: nunua 75, na unapotaka 90 kata kingo za picha. Kwa upande wa ukali hana kosa kubwa. Ukikata hivyo unabaki na karibu asilimia 70 ya filamu, ambayo bado ni nyingi. Anachosahau ni kwamba fokasi, kuinua lenzi na giza la kona vyote vinabaki vya lenzi ya 75, na milimita 11 za kuinua ulizozipoteza hazirudi kwa mkasi. Kama kazi yako yote ni ndani ya nyumba ndogo, 75 ina hoja. Kwa majabali na minara, ningebaki na 90.

Wa pili husema kwamba kompyuta inaweza kuunganisha picha kadhaa za kamera ya kidijitali, na mjadala wote huu umepitwa na wakati. Kuunganisha kunawezekana hata kwa filamu: piga upande wa kushoto, telezesha nyuma ya kamera kulia, piga tena, na vipande vitalingana kwa sababu lenzi haikusogea. Lakini hata hapo unahitaji lenzi yenye duara kubwa, na umbali wako kutoka ukutani haukubadilika. Programu haisogezi jabali.

Ukinunua iliyotumika

Nyingi utakazopata zimetumika, kutoka Japani, Ulaya au Marekani. Fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma, tafuta nyuzi za ukungu unaoota kwenye vioo. Lenzi iliyoishi pwani huwa nao, na ukavu wa Dodoma hauuondoi ukishaota. Vitone vyeupe pembeni ndani ya Super-Angulon za zamani kwa kawaida ni rangi iliyochubuka, havidhuru picha, na vinaweza kukushushia bei. Sikiliza shata, kile kifaa kinachofungua na kufunga lenzi, kwenye sekunde 1 na nusu sekunde: ikisitasita, ina mafuta yaliyoganda au vumbi. Kwenye kivuli cha jabali, kwa f/22, hizo ndizo kasi utakazotumia zaidi. Uliza pia tundu la ubao wa lenzi yako ni la saizi gani kabla ya kulipa.

Kabla ya kuagiza chochote, kata dirisha la milimita 95 kwa 120 kwenye kipande cha boksi. Pitisha uzi katikati ya dirisha, na hapo katikati ufunge uzi mwingine wenye mafundo kwenye milimita 75, 90, 135 na 150. Fumba jicho moja, shika fundo karibu na jicho lililo wazi, nyoosha uzi, na unachokiona dirishani ndicho lenzi hiyo itakachokiona. Pita nalo kwenye mapango ya Kolo, stesheni ya reli, mitaa ya jiji, shamba la mizabibu. Pale unaposhika fundo la 90 na bado unaweza kurudi nyuma, rudi, halafu ujaribu fundo la 150.